Maji ya kuku kwenye baridi ya Kabale: kazi iko alfajiri

Dereva Mstaafu, Kabale (mleta mada)

Ndugu wafugaji, nawasalimu kutoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Tumeingia Juni, na kila mwaka kuanzia mwezi huu hadi Agosti wafugaji wengi wa huku milimani hupoteza vifaranga ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Lawama hupelekwa kwa chakula, kwa chanjo au kwa mtu aliyewauza, na chombo cha maji hakiulizwi neno. Nimefuga kwa miaka tisa sasa, tangu nilipoacha kuendesha lori kati ya Mombasa na Kigali, na ninaomba tulijadili jambo moja tu kwa kina: namna ya kuhakikisha kwamba kuku anapata maji anayoweza kuyanywa, saa ile anapoyahitaji, hewa ikiwa baridi.

Nianze na msiba wangu wa mwaka wa kwanza. Niliagiza vifaranga 200 wa kuroila, aina ya kuku chotara, wakafika kwa basi alfajiri moja ya Julai wakiwa na kiu ya safari. Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, ilikuwa tayari, maganda ya kahawa makavu chini, balbu mbili juu, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 33 kama nilivyoelekezwa. Maji niliyachota kwenye tangi lililokuwa nje usiku kucha, nikayatia glukosi, nikajaza vyombo vinne. Vifaranga waliyakimbilia, wakanywa, na kabla sijamaliza chai yangu walikuwa wameanza kujikunyata na kulundikana pembeni, mmoja juu ya mwingine. Baada ya hapo wengi hawakuvisogelea tena vile vyombo. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimezika 31, na karibu wote walikuwa wale wa chini ya lundo, waliokosa hewa.

Nilimshika mmoja aliyekuwa hai na kuigusisha miguu yake shavuni mwangu. Ilikuwa baridi kama chuma cha mlango wa lori asubuhi pale Katuna, mpakani na Rwanda. Nikapapasa kifuko cha chakula chini ya shingo, nikakikuta kigumu, punje zikihisika moja moja chini ya kidole. Kifaranga aliyekula na kunywa sawasawa kifuko chake huwa kimejaa na ni laini, kama uji mzito ndani ya kitambaa. Kikiwa kigumu, ujue amekula bila kunywa vya kutosha. Nilikuwa nimepasha joto hewa na matandazo, nikasahau kile kinachoingia tumboni. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyolala nje katika usiku wa Julai huamka yakiwa na nyuzi 11 au 12, ilhali mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi, na kifaranga wa siku za kwanza hana uwezo wa kujitengenezea joto la kufidia pengo hilo.

Kuku mkubwa hafi kwa maji baridi, lakini hupunguza kunywa, na kuku asiyekunywa hali. Tetea wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na huhitaji takriban robo lita ya maji, na ukiacha gamba, robo tatu ya yai ni maji. Mwenye matetea 100 anahitaji basi lita 25 kila siku, yaani dumu la lita 20 na robo yake. Akiona dumu halimaliziki, asifurahi kwamba amebana matumizi. Ahesabu mayai ya wiki inayofuata.

Sasa utaratibu wangu. Kuku mkubwa hanywi gizani. Akishapanda kwenye fito, chombo cha maji hakina kazi hadi kupambazuke, na kwa hiyo sihangaiki kuyalinda maji ya usiku. Jioni, kabla giza halijaingia, nawapa maji ya kutosha kwa sababu wakati huo hunywa sana, kisha namwaga yaliyobaki, naosha vyombo na kuvifudikiza. Alfajiri nawasha sigiri, yaani jiko la makaa, nje ya banda. Kwa kipimo changu, sehemu moja ya maji yaliyochemka kwa sehemu nane za maji ya tangi hutoa maji ya nyuzi 20 na kidogo, ambayo yanawatosha matetea. Kwa vifaranga ni sehemu moja kwa tatu, nayo hutoa nyuzi kama 30. Kumbukeni kwamba huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo vipimo vya mtu wa Mombasa havitalingana na vyangu. Vifaranga wanaolala na taa hunywa usiku kucha. Hao nawabadilishia maji saa nne usiku na saa kumi alfajiri, bila kukosa, kwa siku saba za kwanza.

Chombo kisikae juu ya sakafu ya saruji, kwa maana saruji hunyonya joto. Weka tofali au kipande cha ubao chini yake, na ukingo wake ulingane na mgongo wa ndege. Ubavuni nakivalisha gunia lenye maranda ya mbao, nikilifunga kwa maganda makavu ya mgomba.

Karibuni.

Mama Vifaranga, Kapchorwa

Mzee, shikamoo, na pole kwa hasara ile ya mwaka wa kwanza. Maelezo yako yamenigusa kwa sababu sisi huku kwenye miteremko ya Elgon tuna baridi hiyo hiyo, na mimi mwezi Mei nimepoteza vifaranga 12 kati ya 80 nikidhani ni ugonjwa wa mharo mweupe.

Ninachofanya mimi ni kuweka sigiri ndani ya chumba cha vifaranga usiku kucha, na juu yake sufuria ya maji, ili chumba kipate joto na maji yawe tayari wakati wowote. Madirisha nayaziba kwa magunia ili joto lisitoke. Je, hilo si rahisi zaidi kuliko kuamka saa kumi? Nina watoto wadogo na ninaamka mara nyingi vya kutosha.

Dereva Mstaafu, Kabale

Marahaba, mama. Naomba unisikilize kwa makini hapa, maana sasa tunazungumzia uhai wa watu pia. Makaa yanayoungua katika chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na humuua mtu anayeingia kuwatazama na kukaa humo. Vifaranga 12 uliowapoteza huenda walikufa kwa baridi, au kwa gesi hiyo. Sikuwaona, siwezi kusema. Lakini ukiwakuta wamelala kifudifudi bila kulundikana, taa au sigiri ikiwa bado ina joto, anza kushuku hewa kabla ya kushuku mharo.

Kama sigiri ndiyo tegemeo lako la joto, acha nafasi ya hewa kupita juu ya ukuta, karibu na paa, ambapo upepo hauwapigi vifaranga, na usiingize makaa kabla hayajawa mekundu kabisa. Maji yachemshe nje, uyatie kwenye chupa ya chai kubwa jioni. Saa kumi ukiamka kwa ajili ya mtoto, maji ya moto yatakuwa yanakusubiri, unachanganya moja kwa tatu na kurudi kitandani. Mke wangu ndiye aliyenifundisha hilo la chupa.

Fundi wa Magari, Mbarara

Mzee Dereva, wewe ni mtu wa barabara kama sisi, kwa hiyo utanielewa. Kwenye rejeta tunatia dawa ili maji yasigande wala yasichemke mapema. Rafiki yangu mmoja anayefuga karibu na Kisoro ameniuliza kama tone dogo la dawa ile linaweza kuingia kwenye maji ya kuku, na mwingine ameambiwa atie chumvi. Nimewaambia wasubiri niulize wenye ujuzi.

Dereva Mstaafu, Kabale

Umefanya vyema kuwazuia, na tafadhali wapigie simu leo. Dawa ya rejeta iliyo ya kawaida ina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo mnyama huinywa bila kusita. Figo huharibika, ndege hufa, na mbwa atakayemla ndege huyo naye yuko hatarini. Hakuna tone dogo linaloruhusiwa. Hata dumu lililowahi kubeba dawa hiyo lisichotewe maji ya mifugo, hata lioshwe mara ngapi, na ninyi mafundi mnajua madumu hayo huishia wapi yakitoka gereji.

Chumvi nayo haifai. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na pamoja na wingi huo huganda kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Kiasi kinachoweza kusaidia ni kile kile kinachomdhuru kuku. Tena Kisoro na Kabale maji hayagandi. Ukitaka kuiona barafu ya kudumu katika Uganda ni lazima upande Rwenzori. Shida ya rafiki yako ni maji baridi, na maji baridi yakitiwa chumvi hubaki baridi.

Mfugaji wa Moroto

Salamu kutoka Karamoja. Huku shida yetu ni kinyume, jua linapasha maji hadi kuku wanayakataa, nasi tunatumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa nusu kivulini. Ninashauri wenzetu wa Kabale wajaribu chungu, kwa sababu udongo ni mzito na huhifadhi hali ya maji vizuri kuliko plastiki.

Dereva Mstaafu, Kabale

Ndugu yangu wa Moroto, chungu chako kinakufaa kwa sababu ile ile inayokifanya kitudhuru sisi. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo, yakifika nje hukauka kwa upepo, na katika kukauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Nilijaribu chungu mwaka wa tatu. Kipimajoto kilionyesha maji ya chungu yako nyuzi kadhaa chini ya maji ya beseni la plastiki lililokuwa pembeni yake, na ilikuwa mchana. Kwa Karamoja ni neema. Kwa vifaranga wa Kabale, hapana.

Mdogo Wake, Manitoba (Kanada)

Kaka, umenitumia kiungo cha uzi huu nami nimeusoma wote wakati wa mapumziko ya kazi. Wadau, mimi ni mdogo wake mleta mada, nafanya kazi kwenye shamba nje ya Winnipeg, na kuku wa mayai ni sehemu ya majukumu yangu. Kwetu hapa wakati wa kipupwe hewa hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na siku nyingine zaidi. Nitaeleza tunavyofanya, ili kila mtu achukue kinachomfaa.

Jambo la usiku alilolisema kaka nililiona hapa kwanza. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mchana ni wa saa nane tu. Mwanzoni nilikuwa nikiamka usiku kuvunja barafu, hadi mzee mwenye shamba aliponiuliza ninamvunjia nani, kwa kuwa kuku wote wamelala. Tangu hapo vyombo visivyo na umeme tunavimwaga jioni. Jambo la hatari ni maji kuganda ndani ya chombo, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki ngumu hupasuka kama kikombe kilichoangushwa.

Kwenye banda dogo lisilo na umeme tunatumia mabakuli mawili ya mpira mweusi mnene. Moja liko bandani na lingine liko jikoni likiyeyuka. Mpira haupasuki, unaligeuza bakuli, unalikanyaga kwa kisigino, na barafu hutoka nzima, ya mviringo, na ukiiinua dhidi ya mwanga unaona mabaki ya chakula na unyoya mmoja mmoja vimenaswa ndani yake. Barafu hiyo tunaitupa mbali, hatuiyeyushi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji joto lile lile ambalo lingepasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, kwa hiyo anayemwaga maji ya moto juu ya barafu anapoteza kuni na maji. Mabakuli hayo hubadilishwa mara tatu au nne kwa siku, na ya kwanza ni pale tu kuku wanaposhuka.

Penye umeme tunaweka chini ya chombo cha bati sahani ya kupashia, yenye wati mia moja na kitu, inayojiwasha yenyewe maji yanapokaribia kuganda. Haiyafanyi maji kuwa ya moto, inayazuia tu yasigande. Wapo wanaojitengenezea kwa kopo la bati la biskuti na balbu ya wati 40 ndani yake, chombo kikikaa juu. Balbu iwe ya zamani, ya waya, kwa sababu zile za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Nyaya zikae mbali na midomo ya kuku na mbali na matandazo makavu, maana kila kipupwe tunasikia habari za mabanda yaliyoungua kwa taa zilizoanguka. Mabomba yenye chuchu za chuma za kunyonyea ndiyo huganda mapema kuliko vyote, kwani tone linalobaki kwenye ncha ya chuma huwa barafu na kuziba njia ilhali maji ya ndani bado yanatembea.

La mwisho ni unyevu, na nadhani kaka hakuligusia. Maji yanayomwagika ndani ya banda hupanda hewani, na hewa yenye unyevu wakati wa baridi kali ndiyo huchangia upanga wa jogoo kuganda na kuwa mweusi kwenye ncha. Kwenu upanga hautaganda, lakini matandazo yaliyolowa hutoa harufu kali ya mkojo inayochoma macho ya kuku na kufungua mlango wa magonjwa ya kifua. Weka chombo juu ya trei yenye changarawe, ili kinachomwagika kibaki chini ya mawe.

Usizibe banda lote kwa kuogopa baridi. Kuku mkubwa aliye mkavu, asiyepigwa na upepo, anavumilia baridi ambayo wewe huwezi.

Dereva Mstaafu, Kabale

Asante sana, mdogo wangu. Hilo la trei ya changarawe sikulifahamu, nami nitalitengeneza kesho. Kuhusu mabakuli ya mpira, huku hatuna haja ya kununua chochote: tairi la lori lililochakaa, likikatwa kwa mzunguko kama yanavyokatwa ya kutengenezea ndala, hutoa hori refu jeusi. Nimelitumia kwa matetea kwa miaka minne. Weusi wake hushika jua linapochomoza juu ya vilima, na kuanzia saa nne asubuhi siongezi maji ya moto tena. Lazima lisuguliwe kwa brashi kila siku, kwa sababu ute hujijenga kwenye mikunjo ya ndani, na ukipitisha kidole kikateleza, kuku nao wanakunywa ute huo.

Tabibu wa Mifugo, Mbale

Ninaongeza jambo moja tu, kwa kuwa nimeona madhara yake. Siku ya kuwapa chanjo kwa njia ya maji, iwe ya kideri au ya Gumboro, magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi, tafadhali msitumie maji ya vuguvugu. Chanjo hizo zina virusi hai waliodhoofishwa, na joto huwaua. Tumieni maji safi ya baridi ya kawaida yasiyo na klorini, katika vyombo vilivyooshwa bila sabuni wala dawa, yatolewe katikati ya asubuhi hewa ikiwa imeanza kupata joto, na yawe kiasi kinachoweza kumalizwa ndani ya saa moja au mbili. Yakiisha, warudishieni maji ya vuguvugu. Nimewahi kuitwa kwa kundi lililochanjwa kwa tarehe sahihi kabisa na bado likapigwa na kideri, na mama mwenye kundi alikuwa amekoroga chanjo kwa maji ya moto kwa kuwahurumia vifaranga wake.

Mama Vifaranga, Kapchorwa

Mzee, nimerudi baada ya wiki mbili, na nimeleta majibu. Sigiri nimeitoa, nimefungua nafasi ya kiganja kimoja chini ya paa, na nimetundika balbu mbili za waya badala yake. Nimepokea vifaranga 60 Jumatatu iliyopita. Nilijaza vyombo viwili saa nne usiku kwa maji ya moja kwa tatu, kimoja nikakivalisha gunia la maranda na kingine nikakiacha wazi, vyote juu ya tofali. Saa kumi nilipotia kidole, cha gunia kilikuwa bado na uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, na kile cha wazi kilikuwa kimepoa kabisa. Vifaranga walikuwa wamezunguka kile cha gunia. Amekufa mmoja tu, aliyefika akiwa dhaifu ndani ya boksi.

Swali langu ni hili: gunia limeanza kulowa upande wa chini, na maranda yamevimba. Nibadilishe kila siku?

Dereva Mstaafu, Kabale

Mama, umenifurahisha sana. Usibadilishe kila siku, utachoka. Tia maranda kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndipo uuingize ndani ya gunia, na gunia liishie vidole viwili juu ya ukingo wanaponywea. Sehemu hiyo ya chini ndiyo wanayoirushia maji kwa midomo. Lililolowa lianike juani, na lisirudi bandani kabla halijakauka hadi kwenye mishono.